Redaksio ya Kingereza: Zero Ile Ibaki



Wengi mmekwisha kusikia mambo yaliyotokea katika darasa letu la mwisho mwezi uliopita. Mwalimu wa Kingereza alitupa kazi ya kuandika redaksio ya kurasa mbili juu ya soko. Aliporudisha karatasi, watatu walipata zero juu ya 20, sababu maandiko yao yalikuwa sawasawa tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Hata kosa moja la maandishi lilikuwa lile lile kwa wote watatu.

Nyuma ya masomo darasa lilikusanyika. Wakasema ati mimi, kwa kuwa ni mkubwa wa wanafunzi, niende kwa bilo ya préfet kuomba sheria ile iondolewe. Nilikataa. Tangu siku ile wengine wananiita mtu wa walimu, na kuna wenye kunyamaza nikifika. Ndiyo maana ninaandika hapa, kusudi kila mmoja asome mawazo yangu yote, si nusu.

Kwanza tusikilize neno la wenzangu, maana si la bure. Wanasema: katika Mtihani wa Serikali hatuandiki redaksio ya Kingereza. Ni kweli. Disertasio tunaandika kwa Kifaransa. Kingereza kinakuja kwa maulizo yenye majibu ya kuchagua. Basi, wanauliza, juu ya nini kujiumiza kichwa na kupoteza pointi kwa kazi ambayo diplome haituombi?

Ninajibu hivi: nyuma ya diplome njia ingali ndefu. Mkubwa wangu alishinda mtihani ule, kisha akavuka mpaka kwenda kusoma katika chuo kikuu kimoja cha Kampala, kule Uganda, ambako wanafundisha kwa Kingereza. Siku ya kwanza ya somo la kuandika, mwalimu wao aligawa karatasi kwa kila mwanafunzi. Noeli iliyopita alituletea kopi yake, nikaisoma mara nyingi kuliko barua.

Karatasi ile inasema wazi mambo ambayo mwalimu anangojea na mambo ambayo mwanafunzi ana haki ya kungojea. Kazi zote za nusu mwaka zimeandikwa pale pamoja na siku ya kuzitoa na pointi za kila moja. Kazi ikichelewa, kila siku inapunguza pointi. Kila redaksio inaandikwa mara mbili: andiko la kwanza linasomwa na kurudishwa bila pointi, halafu la pili ndilo linahesabiwa. Tena mwenye kutwaa maneno ya mtu mwingine bila kutaja mwenyewe anapata zero, na akirudia anapelekwa mbele ya wakubwa wa chuo. Hakuna anayeweza kusema nyuma: Sikujua.

Na mkubwa wangu aliumia hata hivyo. Redaksio yake ya kwanza aliiandika sawasawa disertasio tuliyofundishwa hapa. Alianza kwa mbali sana, tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Akaleta mawazo ya upande mmoja, akaleta ya upande mwingine, na wazo lake likaonekana chini kabisa, mistari minne. Mwalimu aliandika pembeni: “Wewe mwenyewe unasema nini?” Akampa pointi kidogo.

Wandugu, ile si dharau kwa Kifaransa. Ni desturi mbili mbalimbali. Katika disertasio unafungua ulizo, unapima pande zote, unafika kwa jibu mwishoni. Katika redaksio ya Kingereza ya chuo, jibu lako linatangulia, katika fungu la kwanza. Kila fungu linalofuata linabeba wazo moja la kulitegemeza, pamoja na mfano. Upande wa pili unautaja pia, lakini kusudi uujibu. Anayejua njia mbili hizi ana nguvu kuliko anayejua moja.

Tena Waingereza wanaita maandiko ya namna hii kwa neno walilolitwaa katika Kifaransa: essai, maana yake jaribio. Montaigne, mtu wa Ufaransa, aliwapa watu kitabu chake chenye jina hilo mwaka 1580. Francis Bacon wa Uingereza akafuata na chake mwaka 1597. Basi redaksio ni kujaribisha. Anayejaribisha anaweza kuanguka, akasimama, akaandika upya. Anayekopia hajajaribisha kitu. Mwalimu anasahihisha makosa ya mtu ambaye hayuko darasani.

Sasa nifike kwa neno lililo gumu kwangu. Kaye iliyokopiwa na wenzetu watatu ilitoka kwangu. Ni kaye ya zamani ya mkubwa wangu, yenye redaksio zake zote alizoandika alipokuwa mwanafunzi. Mwenzangu wa benchi aliniomba aiangalie, nikampa, na nilijua atakachofanya. Kosa lile walilofanana wote watatu nililitambua mara moja: ni kosa la mkubwa wangu.

Si hilo tu. Mwaka jana, mbele ya mwalimu huyu kufika, mimi pia nilitwaa redaksio moja katika kaye ile, juu ya majira ya mvua, nikabadili majina mawili, nikapata 15 juu ya 20. Watu walinisifu. Pengine hata kuchaguliwa kwangu kulitoka kidogo kwa sifa zile. Amri ya nane tunaijua wote tangu shule ya Siku ya Mungu, lakini tunafikiri inahusu kuku na mfuko wa mtu, si maneno yake.

Nimekwisha kumwambia mwalimu mbele ya gazeti hili kutoka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniamuru niandike redaksio ile upya, ndani ya bilo yake, bila kaye. Nilipata 9. Ninasahau s ya kitenzi kwa mtu wa tatu, na sijui vema fasi ya kuweka the. Kwa ile 15 ya mwaka jana sikujifunza hata moja la mambo hayo.

Kwa hiyo sitaomba zero iondolewe. Lakini nitaenda kwa bilo ya préfet, na nitaomba mambo matatu.

La kwanza: sheria za redaksio ziandikwe na kubandikwa ukutani siku ya kwanza ya mwaka, kwa kila darasa. Wenzetu watatu walijua kwamba kukopia ni vibaya, lakini hakuna aliyetuambia mbele kwamba malipo yake ni zero nzima. Sheria inayojulikana siku ya malipo tu inatia uchungu, haifundishi.

La pili: andiko la kwanza lisihesabiwe pointi. Ninajua mwalimu mmoja hawezi kusahihisha karatasi 52 mara mbili. Basi sisi wenyewe tusomeane, wawili wawili, tukiuliza maulizo matatu: Wazo lake liko katika fungu la kwanza? Kila fungu lina jambo moja? Maneno haya ni ya nani? Kwa kazi hiyo hatuhitaji kujua Kingereza chote.

La tatu: wanaokaa mbali na wasio na petroli ya taa wapewe darasa wazi Siku ya Posho asubuhi, pamoja na dictionnaire ya shule. Sheria ya kuchelewa ni njema. Lakini mwenye umeme nyumbani na mwenye kuandika kwa mwangaza wa moto hawaanzi mwendo fasi moja.

Kuna mmoja aliyeniambia: “Wewe unasumbuka na kaye, kumbe siku hizi simu inaandika yenyewe.” Ni kweli. Tangu mwisho wa mwaka 2022 ziko programu zinazotunga redaksio nzima kwa dakika moja, bila kosa la s wala la the. Lakini siku utakapoketi mbele ya mwalimu wa chuo, naye akikuuliza maana ya fungu lako la pili, simu haitafungua kinywa kwa ajili yako. Ulizo la Kampala ni lile lile: Wewe mwenyewe unasema nini?

Kwa wale watatu, hasa mwenzangu wa benchi, ninaomba radhi mbele ya wote. Mlipata zero ninyi tu, na mimi niliyefungua mlango sikupata kitu. Kaye ile iko kwa mwalimu sasa, kwa mapenzi yangu. Na kama mnataka tuandike redaksio ya soko upya, niko tayari kuwa msomaji wenu wa kwanza Siku ya Posho ijayo. Ninyi pia mtasoma yangu, nanyi msinihurumie.

Mwenye mawazo mengine aandike naye. Gazeti hili ni letu sote.

Ni mimi, mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho.