Daftari la Wiki: Orodha ya Watu wa Dayton

Mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, si mkubwa wala si mdogo: sensa ya mwaka 2020 iliwakuta humo wakazi 137,644, ambao ni zaidi kidogo ya nusu ya wale 262,332 waliohesabiwa mwaka 1960, kabla viwanda vyake havijafungwa kimoja baada ya kingine. Hata hivyo orodha ya watu mashuhuri wanaonasibishwa nao ni ndefu, na kama zilivyo orodha nyingi za aina hiyo, imekusanywa kwa ukarimu, kwani Wilbur Wright, anayetajwa kabla ya wote, alizaliwa Indiana. Kasoro hiyo inavumilika. Isiyovumilika kwa urahisi ni kwamba orodha huwapanga watu wote katika safu moja, ilhali mji wenyewe haukuwapanga hivyo walipokuwa wakiishi humo.

*

Katika shule ya sekondari ya Central walisoma darasa moja vijana wawili wa Dayton: Orville Wright, mdogo wake Wilbur, aliyezaliwa mwaka 1871, na Paul Laurence Dunbar, aliyezaliwa mwaka uliofuata na wazazi waliokuwa wametumikishwa utumwani Kentucky. Dunbar, mwanafunzi pekee mweusi katika darasa hilo, alikuwa mhariri wa gazeti la shule na alihitimu mwaka 1891. Orville, ambaye akili yake ilikuwa kwenye mtambo wa kuchapia, hakumaliza masomo. Mwaka 1890 Dunbar alianzisha Dayton Tattler, gazeti dogo la wasomaji weusi, nalo likachapwa na akina Wright, likatoka mara tatu, kisha likafa kwa kukosa fedha.

Baada ya shule, yule aliyeacha masomo alifungua na kaka yake duka la baiskeli, na faida ya duka hilo ndiyo iliyogharimia majaribio yaliyozaa ndege ya mwaka 1903. Aliyehitimu alizunguka ofisini akitafuta ukarani, akanyimwa kwa sababu ya rangi yake, na hatimaye akawa mwendesha lifti, yaani mtu wa kusimama ndani ya chumba cha kupandia ghorofa na kuwapandisha na kuwashusha wenye shughuli zao, kwa mshahara wa dola 4 kwa wiki. Diwani yake ya kwanza, Oak and Ivy, iligharimu dola 125 kuchapwa, ambazo ni mshahara wa zaidi ya wiki 31, na deni hilo alilimaliza kwa kuwauzia abiria wake nakala, dola moja kila kitabu. Ni vigumu kupata picha iliyo kamili zaidi ya namna mji unavyoweza kumsoma mtu na bado usimpe kiti ofisini.

Umaarufu ulipokuja, nao ulikuja na masharti. Mwaka 1896 mhakiki William Dean Howells alimsifu katika Harper's Weekly, lakini sifa nyingi zaidi zilikwenda kwa mashairi yaliyoandikwa kwa lahaja, yaani usemi wa watu weusi wa Kusini, kuliko yale ya Kiingereza sanifu ambayo Dunbar mwenyewe aliyathamini zaidi. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 33, katika nyumba aliyomnunulia mama yake mjini Dayton.

*

Mashine zina orodha yao. James Ritty, mwenye baa mjini humo, alichoshwa na wahudumu waliotia mapato mfukoni, na mwaka 1879 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mashine ya kurekodi mauzo. Biashara iliyotokana nayo ilikuja kuwa kampuni ya National Cash Register, ambako Charles Kettering aliunda mota ndogo ya umeme iliyotoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Wazo hilo hilo alilihamishia kwenye stata ya gari, iliyofungwa katika Cadillac za mwaka 1912 na kuwaondolea madereva adha ya kuzungusha hendeli. Katika kampuni hiyo alifanya kazi pia mhamiaji kutoka Hispania ambaye mwanawe, Ramón Estévez, aliyezaliwa mwaka 1940, anajulikana na watazamaji wa filamu kwa jina la Martin Sheen.

*

Edwin Moses, aliyezaliwa Dayton mwaka 1955, anaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mbio za mita 400 za kuruka viunzi zina viunzi kumi vilivyoachana kwa mita 35, na utamu wake uko katika hesabu ya hatua: wengi walianza kwa hatua 13 kati ya kiunzi na kiunzi, kisha miguu ilipochoka wakalazimika kuongeza. Moses, aliyesoma fizikia katika chuo kisichokuwa na uwanja wa riadha, alishikilia 13 hadi mwisho, na kati ya mwaka 1977 na 1987 alishinda mbio 122 mfululizo. Rekodi yake ya kwanza ya dunia, sekunde 47.64 katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ilifuta ile ya sekunde 47.82 aliyoiweka John Akii-Bua wa Uganda mjini Munich mwaka 1972. Akii-Bua hakuwapo kuitetea, kwa kuwa Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 zamu iligeuka: Marekani ilisusia Moscow, na wakati Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipokuwa wakiipatia Tanzania nishani mbili za fedha, mshindi wa mbio za viunzi alikuwa Volker Beck wa Ujerumani Mashariki kwa sekunde 48.70, muda ambao Moses alikuwa na mazoea ya kuupita.