Meli za Vita Zilizozama Zinatuhusu

Mwandishi aliyedai kwamba kutafuta meli zilizozama vitani ni shughuli ya Wazungu na roboti zao, wala haiwahusu watu wa Mwanza, amekosea tangu msingi. Mizinga ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915, iliburuzwa nchi kavu kwa mikono ya vibarua wa Kiafrika, na mmoja ukafika Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye Graf von Götzen. Meli hiyo nayo Wajerumani waliizamisha Kigoma Julai 1916, mwezi uleule Waingereza walipoiteka Mwanza. Baadaye iliinuliwa, ikaitwa Liemba. Katika ziwa letu la Victoria, meli ya Waingereza, Sybil, ilikwama karibu na Majita Novemba 1914. Waliopakia kuni na kubeba risasi walikuwa babu zetu, na kumbukumbu za maofisa hazikujishughulisha na majina yao.

Mwandishi huyo atataja gharama. Hoja hiyo ina uzito kwenye bahari yenye kina cha kilomita tano. Ziwa Victoria, hata penye kina kirefu zaidi, ni mita 80 hivi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) hapahapa Mwanza hupima samaki kwa mawimbi ya sauti, mawimbi yaleyale yanayoonyesha sakafu ya ziwa. Pingamizi zito ni heshima ya wafu. Tangu MV Bukoba izame Mei 1996, hakuna mtu wa Mwanza anayehitaji kufundishwa kwamba meli inaweza kuwa kaburi. Lakini kupiga picha si kufukua, na mahali pasipojulikana hapawezi kulindwa dhidi ya wasaka chuma chakavu. Wataalamu waanze kwa kuwauliza wavuvi nyavu zao hunaswa wapi.