Maoni yako ni ya daraja gani? Laiki nyingi hazijazi ghala

Msimu wa korosho ukifunguliwa, simu ya studio yetu haipoi. Wanapiga wa Nanyamba, wanatuma ujumbe wa Tandahimba, na wa Msimbati wanauliza habari za gesi palepale. Kila mtu anataka maoni yake yasomwe kwanza. Ni haki yake. Lakini wengi wanatuuliza: mnachaguaje? Kwa nini ujumbe wa fulani umesomwa na kupata majibu, na wangu umepita kimya?

Leo tunaeleza. Na tunaanza na kosa letu wenyewe.

Msimu mmoja tulipokea jumbe mbili siku moja. Wa kwanza ulisema: "Wakulima tumeuzwa! Wanunuzi wamekimbia, mnada haupo tena, kila mtu ajiokoe!" Ulikuwa umeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na tulipouweka kwenye ukurasa wetu ulipata laiki nyingi kuliko kitu chochote cha wiki ile. Wa pili ulitoka kwa mama mmoja: "Korosho zangu kilo 340 ziko ghalani tangu wiki iliyopita, stakabadhi ninayo. Mnada ulikuwa Ijumaa, leo Jumatatu hatujasomewa bei. Tunaomba katibu wa chama atueleze." Huo ulipata laiki mbili, na moja ilikuwa ya kijana wetu wa mitambo.

Tukasoma ule wa kwanza asubuhi. Ule wa mama tukausoma jioni, na tukampigia katibu. Ndani ya dakika chache ikajulikana kwamba mnada ulifanyika, bei ilipatikana, ila tangazo halikufika kijijini. Lakini kati ya asubuhi na jioni, mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa ameuza magunia matatu kwa kangomba, kwa bei ya kutupa. Alisema alisikia redioni kwamba mnada umekufa.

Tulimwomba radhi. Magunia hayakurudi.

Kwa nini kelele hupanda juu

Mitandao ya simu haipimi kama jambo ni kweli. Inapima watu wangapi wamelibonyeza, wamelijibu na wamelisambaza. Nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, zilizotolewa hadharani mwaka 2021 na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen, zilionyesha kwamba kuanzia mwaka 2017 alama za hisia, pamoja na ule uso wa hasira, zilihesabiwa mara 5 ya laiki ya kawaida wakati mtambo unapanga habari zipi watu waone kwanza. Maana yake, watu 10 wakikasirika walikuwa na uzito wa watu 50 waliopenda. Mwaka 2020 kampuni hiyo ikauondolea uso wa hasira uzito huo wote, baada ya kuona kwamba habari zenye hasira nyingi mara nyingi ndizo zenye uongo na matusi.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona ujumbe uko juu kabisa, usidhani umekaguliwa. Huenda umepanda kwa sababu umewakera watu wengi kwa pamoja. Na anayeandika akishajua kwamba hasira inalipa, kesho ataandika yenye hasira zaidi.

Korosho hazipimwi kwa kelele

Sisi wa Mtwara tunajua kupanga madaraja. Korosho zikifika ghalani, hakuna anayesema hizi ni daraja la kwanza kwa sababu gunia limejaa au mwenye nazo ana sauti kubwa. Inachukuliwa sampuli. Unapimwa unyevu. Zinapasuliwa kadhaa, mtu anaangalia ndani kama kiini ni kizima, kimeoza au kimeliwa na wadudu. Hapo ndipo daraja linatajwa.

Maoni nayo yapasuliwe. Ndani kuna nini? Kuna tarehe? Kuna mahali? Kuna kiasi? Aliyesema ameona mwenyewe au ametumiwa? Na anamtaka nani afanye nini?

Kumbukeni Oktoba 2018. Wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa kuuza korosho zao kwenye minada ya mwanzo. Wapo waliodhani ni fujo, lakini hoja yao ilikuwa na namba. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye baadhi ya minada, na sasa wanunuzi walikuwa wanataja bei iliyo chini ya shilingi 3,000. Mkulima hakuhitaji kutukana mtu. Aliweka bei mbili pembeni na kusema, kwa hii hatuuzi. Hoja hiyo ilifika Ikulu. Novemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kusomba korosho.

Kilichofuata nacho kina somo. Kabla ya malipo ulifanyika uhakiki, na waliopeleka kiasi kikubwa walitakiwa waonyeshe mashamba yao. Wengi walisubiri kwa muda mrefu na malalamiko yalikuwa mengi. Mwenye karatasi zake alikuwa na cha kuweka mezani. Aliyekuwa na maneno tu alibaki na maneno.

Linganisha na suala la gesi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2012 watu wa Mtwara walipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na neno lililoshika kila kona lilikuwa "haitoki". Lilikuwa neno lenye nguvu, na uchungu uliokuwa nyuma yake ulikuwa wa kweli. Mei 22, 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, zikazuka vurugu. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa. Bomba likajengwa, na mwaka 2015 likazinduliwa. Maswali ya Msimbati na Madimba yalibaki kuwa yaleyale: ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri ni kiasi gani, umetumika wapi, na kijiji kinachokaa na visima kimepata nini. Hayo hayajibiwi kwa neno moja, na hayaulizwi kwa neno moja.

Hatusemi watu wasikasirike. Mtu akidhulumiwa atakasirika. Tunasema hasira imfikishe mtu kwenye swali ambalo kiongozi hawezi kulikwepa.

Mtoni ni hatari zaidi

Kwa walio karibu na mto Ruvuma, jambo hili ni uhai. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotoka upande wa Msumbiji. Tangu hapo, ujumbe wa "wamevuka tena" unaweza kuondoa familia shambani usiku mmoja. Ukiwa wa uongo, watu wanaacha mpunga na mali zao bure. Na ukirudiwa wa uongo mara tatu, siku ya kweli hakuna atakayeamka. Habari ya namna hiyo usiipe laiki wala usiisambaze. Mpigie mwenyekiti wa kijiji, ofisa mtendaji au polisi.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, anayechapisha habari akijua ni ya uongo, kwa nia ya kutisha, kutukana au kupotosha watu, anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kufungwa si chini ya miaka 3, au vyote viwili. "Nilitumiwa na mimi nikatuma" ni utetezi mwembamba wa kwenda nao mahakamani.

Tunavyochagua sasa

Baada ya yule mzee na magunia yake, tulibadilisha utaratibu. Hatuangalii laiki. Ujumbe unaosomwa kwanza ni ule wenye mambo haya: uko wapi, lini limetokea, kiasi gani, umejuaje, na unataka nani ajibu.

Tuchukue mfano wa makato ya korosho. Ukiandika "chama wezi", katibu atasema hatujui anayesema ni nani, na mazungumzo yataishia hapo. Tena unaweza kumchafua mtu asiye na kosa. Lakini ukiandika: "Bei ya mnada tuliyosomewa ni hii, fedha niliyoingiziwa ni hii, tofauti kwa kilo ni hii, naomba nisomewe kila kato linakwenda wapi", hapo katibu lazima afungue daftari. Huenda ukakuta ni usafiri, ghala na ushuru, mambo halali. Huenda ukakuta kuna shilingi isiyo na jina. Vyovyote vile, umepata jibu.

Ujumbe kama huo mara nyingi haupati laiki. Haumchekeshi mtu wala haumpandishi jazba. Lakini ndio unaotufanya tunyanyue simu, na ndio ambao kiongozi akiusikia anakaa vizuri kwenye kiti.

Yule mama wa kilo 340 hatujawahi kumwona kwa macho. Msimu uliofuata alituma ujumbe mwingine, mfupi kama ule wa kwanza, wenye tarehe na kilo. Safari hii hatukungoja jioni.