Shamba Lisilo na Umeme na Mgonjwa Mwenye Dawa za Kila Siku

Binti mwenye kisukari aina ya kwanza anafika kliniki na ombi linaloonekana dogo. Anataka apewe insulini ya miezi miwili kwa pamoja, kwa sababu anakwenda kujitolea katika shamba la permakacha ambalo halijaunganishwa na umeme wa gridi. Mhudumu anamuuliza kama huko kuna jokofu. Hakuna. Jibu linakuwa fupi: "Basi usiende." Binti anaaga na kuondoka. Pengine hatakwenda, pengine atakwenda bila kumwambia tena mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Huu ni mfano tu, lakini wahudumu wengi wa kliniki za magonjwa sugu hawatauona kuwa mgeni kwao.

Jibu hilo halitoshi. Halitoshi pia jibu la upande wa pili, ambalo mgonjwa anaweza kulikuta shambani kwenyewe: kwamba hewa safi, chakula kisicho na kemikali na kazi ya mikono vitamwondolea haja ya dawa. La kwanza linamnyima mgonjwa maisha, la pili linaweza kumnyima uhai, na yote mawili yanamwacha apange safari yake peke yake. Mgonjwa wa muda mrefu ana haki ya kwenda, na mhudumu wa afya ana wajibu wa kumwandaa.

Permakacha ni mfumo wa kilimo uliopewa jina na Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, waliochapisha kitabu chao cha kwanza kuuhusu mwaka 1978. Mkulima huiga mpangilio wa msitu: miti mirefu, vichaka, mboga na mimea itambaayo hukaa pamoja, maji ya mvua huzuiwa yapate kuzama ardhini, na mabaki ya jikoni hurudi shambani yakiwa mboji. Msomaji aliyekulia katika kihamba cha Kilimanjaro, chenye migomba, kahawa na miti ya kivuli, atauona kama jamaa wa karibu. Leo mafunzo ya mfumo huu hutolewa Zanzibar, Laikipia nchini Kenya, na kwingineko Afrika Mashariki. Desturi ya kujitolea mashambani, ambapo mgeni hutoa nguvu zake na kupewa chakula na malazi, nayo ina historia. Nchini Uingereza Sue Coppard aliianzishia utaratibu mwaka 1971, kwa ajili ya watu wa mjini waliotaka kufanya kazi katika mashamba ya kilimo hai mwisho wa juma.

Faida zake kiafya si za kudharau. Mtu aliyezoea kukaa ofisini hutembea, huinama, hubeba na kulala mapema. Hula mboga za majani, mikunde na matunda yaliyochumwa siku hiyohiyo. Daktari anayemsihi mgonjwa wa shinikizo la juu la damu apunguze chumvi na aongeze mwendo, kisha akamkataza kwenda mahali ambapo mambo hayo mawili ndiyo maisha ya kila siku, anajipinga mwenyewe.

Turudi kwa binti na insulini yake. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikishaanza kutumika, aina nyingi huruhusiwa kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo yenye uzito kwa ukanda wetu. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, wakaliona likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha wakahifadhi insulini maabara katika hali hiyohiyo kwa wiki nne. Tofauti ya nguvu yake na ile iliyokaa kwenye baridi haikuzidi asilimia 1.

Matokeo hayo si ruhusa ya kuacha chupa juani au ndani ya gari lililofungwa. Yanachoonyesha ni kwamba kukosa jokofu si sababu ya kutosha ya kumnyima mtu safari. Chombo cha kuhifadhia nacho hakihitaji umeme: vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu, na vyote vikae kivulini. Maji yanapokauka huchukua joto. Katika hewa kavu ya Laikipia chungu hicho hufanya kazi vizuri. Katika hewa nzito ya Zanzibar hupoza kidogo zaidi ya kivuli chenyewe, na inafaa kupima kwa kipimajoto badala ya kukisia. Hivyo binti huyu asibebe chupa zote kwenda shambani. Abebe za wiki nne, na nyingine zisubiri katika kituo cha afya cha jirani chenye jokofu la dawa. Insulini iliyowahi kuganda itupwe, hata kama inaonekana nzima.

Hatari kubwa zaidi kwake ni jembe. Kazi ngumu hutumia sukari ya mwili, nayo inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi, anahitaji kupima mara nyingi zaidi katika siku za kwanza na kuzungumza na daktari wake juu ya kupunguza dozi. Mahali pasipo na taa, kipima sukari, tochi na kitu kitamu vikae mkono unapofika kitandani. Wenzake nao wajue dalili: kutetemeka, jasho, maneno yasiyoeleweka. Akiwa na fahamu apewe sukari au asali. Akiwa amezimia asimiminiwe kitu mdomoni, bali alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Kila ugonjwa una maandalizi yake. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu anaweza kuishiwa maji mapema anapotoka jasho. Mwenye selimundu aogope kiu, uchovu wa kupindukia na baridi ya usiku wa nyanda za juu, na asiache kinga yake ya malaria. Mwenye kifafa asifanye kazi peke yake kando ya bwawa au jiko la kuni. Mwenye pumu asigeuze mboji kavu yenye vumbi la ukungu, na asilale penye moshi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi 3 hadi 6. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo, na safari ya namna hii ni sababu mojawapo ya kuwapo kwa utaratibu huo.

Kuhusu mitishamba, pasiwe na kufichana. Mashamba mengi ya permakacha hupanda komfri kwa sababu majani yake hutengeneza mboji nzuri. Ibaki kuwa chakula cha udongo: ina kemikali zinazoharibu ini, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe katika virutubisho vya kumeza. Chai ya artemisia nayo husifiwa kuwa ni tiba ya malaria. Ni kweli kwamba artemisinini hutokana na mmea huo, lakini Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutumia chai au majani yake, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki na huweza kushindwa kumaliza vimelea. Mwenye homa shambani apimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto kamili.

Wenye mashamba nao wana sehemu yao. Maji yanayozuiwa ili yazame ardhini yakisimama zaidi ya wiki huwa kitalu cha mbu. Mapipa ya mvua yasiyofunikwa hulea mbu wa dengi. Bwawa lenye konokono huweza kuwa na kichocho. Kinyesi kinachogeuzwa mbolea, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, kinahitaji kuhifadhiwa zaidi ya mwaka mmoja katika joto la nyuzi 20 hadi 35, na hadi miaka miwili penye baridi zaidi, kwa sababu mayai ya minyoo ni magumu kufa. Mgeni avae viatu vilivyofunika mguu, na awe amekamilisha chanjo ya pepopunda kabla ya kushika udongo. Matandazo ni makazi mazuri ya nyoka: aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana, bali atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Mwenye shamba asiyeweza kusema hospitali hiyo iko wapi, na gari litapatikana vipi usiku, hayuko tayari kupokea wageni.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayeombwa dawa za safari asianze na katazo. Aanze na maswali: Utakaa muda gani? Utafanya kazi gani, kwa saa ngapi? Nani huko atajua ugonjwa wako? Simu inashika wapi? Kituo cha afya kiko umbali gani, na usafiri ni upi? Maswali haya huchukua dakika kumi, na majibu yake yaandikwe kwenye karatasi ambayo mgonjwa atakwenda nayo. Yakionyesha kwamba mahali hapo ni pa hatari mno kwake, asihukumiwe, bali atafutiwe shamba jingine au muda mfupi zaidi.

Permakacha ina misingi mitatu ya maadili: kutunza ardhi, kutunza watu, na kugawana kwa haki kinachozidi. Msingi wa pili ndio kazi ya kila siku ya zahanati na hospitali. Binti mwenye kisukari hakufika kliniki kuomba ruhusa. Alikuja kuomba insulini, na alistahili kuondoka nayo pamoja na maelekezo ya chungu, namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu na shamba, na tarehe ya kurudi.