Nduthi iliyoongezwa urefu: kabla ya kupanda, angalia chuma cha nyuma

Wiki jana nilichukua boda kutoka mtaani kwenda steji ya matatu. Nilichoona kwanza ni urefu wa hiyo nduthi. Kati ya injini na tairi ya nyuma palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi mbili. Nikamuuliza mwenyewe. Akacheka: "Hii ilikatwa ikaongezwa, buda. Saa hii nabeba magunia mawili na mbele hainyanyuki."

Na jamaa hakudanganya, hapo ndipo kuna utata. Mkono wa nyuma, ule mafundi wanaita swingiamu, ndio unashika gurudumu. Mzigo wa keria kwa kawaida hukaa nyuma ya gurudumu hilo, kwa hivyo mbele inakuwa nyepesi na usukani haushiki barabara vizuri. Sukuma tairi nyuma sentimita 10 na mzigo unakalia tairi badala ya kuning'inia. Huko Marekani, wanaoshindana mbio fupi za moja kwa moja hurefusha Suzuki Hayabusa kwa sababu hiyo hiyo: waondoke kwa nguvu bila mbele kuruka. Lakini wao wanaenda mita 400 tu, lami laini, hakuna kona, hakuna abiria.

Wewe unapitia mzunguko wa barabara, mashimo na matatu inayokuingilia bila kuashiria. Nduthi yenye mita 1.25 kati ya magurudumu ikifika mita 1.35, inahitaji nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 8 ili ipinde kona ile ile. Si nyingi, mpaka siku unakwepa kitu ghafla.

Shida kubwa iko kwa chuma. Sema mkono ulikuwa sentimita 50, sasa ni 60. Kupinda kwa chuma hakuongezeki kidogo kidogo: 1.2 mara 1.2 mara 1.2 ni kama 1.73. Yaani kwa mzigo ule ule, mkono unapinda zaidi kwa asilimia 70 hivi. Springi zikiachwa pale zilipokuwa, mzigo unazikandamiza kama mtu mwenye mtaimbo mrefu, zinagonga mwisho haraka. Cheni imeongezwa vipande, inapigapiga. Na ile fimbo ya breki ya nyuma nayo lazima irefushwe. Uliza ilirefushwa na nini. Wakati mwingine ni kipande cha nondo kimechomelewa, na maisha yako yanategemea hiyo nondo.

Chuma kikichomelewa, moto hubadilisha sehemu iliyo kando ya weldi, na ufa hupenda kuanzia hapo, chini ya rangi, usipouona.

Sasa siasa. Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa Barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, gava ilianza msako wa boda. Kelele zote zilikuwa leseni, usajili, nani anaendesha. Sawa, yalihitajika. Lakini mimi sijawahi kuona karao akiinama kuangalia weldi. Sheria inasema abiria mmoja tu, na tunajua vile hiyo inafuatwa.

Usiniambie mwanaboda ni mjinga. Analipwa kwa gunia, na pikipiki aliyouziwa iliundwa kubeba watu wawili, si kufanya kazi ya pikapu. Bora gava ikague hizi nyongeza na kuweka kipimo cha mafundi kufuata, kuliko kungoja mkono ukatike halafu ilaumu "wahuni wa boda".

Siku ile nilipanda, nilikuwa nimechelewa. Kona ya kwanza mkia ukacheza, kama kitanda kilicholegea. Nikamgonga begani, nikamwambia anishushe hapo mbele. Nililipa nauli yote. Steji nilifika kwa miguu, dakika kumi na tano.