Vipande vilivyobaki, nani avikusanye?



Watu wakishashiba, ni wachache wanaojali kilichobaki. Yesu alijali. Yohane, katika sura ya 6, anasimulia kwamba baada ya kuwalisha watu wapata elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, Bwana aliwaagiza wanafunzi waokote mabaki ili kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuongeza mikate mingine palepale hakuona haya kushughulika na makombo.

Habari hiyo ilinirudia Milepa, baada ya sherehe ya Kipaimara. Wali ulikuwa mwingi, kwaya iliimba hadi jua likaelekea kuzama, kisha watu wakatawanyika. Uwanjani zikabaki chupa za maji na vile vikombe vyepesi vya plastiki vinavyotumika mara moja. Kijana mmoja akazoa vyote pamoja na maganda ya ndizi na ukoko wa wali, akavitupa shimoni na kutia kiberiti. Moshi mweusi ukaingia nyumba za jirani, mojawapo ikiwa na mzazi mwenye mtoto mchanga. Hakuna aliyemzuia. Mimi pia nilinyamaza, nilikuwa nimeshiba.

Ambacho hakikuungua kitaondoka na mvua. Milepa iko katika Bonde la Rukwa, chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, na Ziwa Rukwa halina mto hata mmoja unaotoka. Mito huingia, jua hukausha. Maji hupaa, lakini chupa haipai. Itabaki humo pamoja na samaki tunaowala.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, na ilifanya vema. Lakini mfuko ni sehemu tu ya taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikabidhi serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu, na halmashauri nyingi zimeuelewa wajibu huo kuwa lori, dampo na faini. Kwa kata ya bondeni lori ni ndoto. Na hata lingekuja, kwa nini lichome mafuta kupandisha maganda ya mihogo mlimani?

Wazee wa Ufipa hawakuhitaji lori. Walikata nyasi, wakazifukia ndani ya matuta ya mviringo, ile ntumba, zikaoza na kulisha mazao ya msimu uliofuata. Sisi tunachoma maganda, mabua na makapi ya mpunga, halafu tunapanga foleni ya mbolea ya ruzuku. Hapa kuna jambo la kutubia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya halmashauri ianzie jikoni. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ikajadiliwa katika mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na baraza la madiwani. Iwepo inayosema kinachooza kisichanganywe na plastiki, na kila kaya iwe na shimo la mboji. Afisa ugani alikague kama anavyokagua shamba. Sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati 23, ilimtaka kila mtu kambini awe na chombo chake cha kuchimbia na kufukia uchafu wake, kwa kuwa Mungu hutembea kambini. Watu wa bonde hili, wanaokijua kipindupindu, hawana haja ya kufafanuliwa sana.

Yakishaondolewa hayo, kinachobaki ni kidogo: chupa, makopo, mabati. Hivyo vina wanunuzi mijini. Kikwazo ni nauli, kwa sababu gunia la chupa linajaza nafasi bila uzito, na bei yake huishia barabarani. Hapo ndipo fedha ya halmashauri inapohitajika. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja cha vijana kikopeshwe mashine ya kubana chupa na kipewe banda pale sokoni, mzigo uliobanwa upande na malori ya mpunga. Mama wa nyanya analipa ushuru kila gulio. Ana haki ya kuliona pipa kabla hajaona risiti ya faini.

Nasi wa kanisani tusijifiche nyuma ya diwani. Niliiomba kamati ya chakula kwamba sherehe ijayo kila jumuiya ije na vikombe vyake vya bati. Wakauliza, nani ataviosha? Nimeandikisha jina langu. Wanahitajika wengine watano.