Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Mtetezi wa Wanawake Anapolazimika Kuondoka

Mheshimiwa Waziri,

Katika kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Usukuma, kazi ya kutetea haki za wanawake hufanywa zaidi na watu wasio na ofisi wala cheo: mwanakikundi wa kuweka na kukopa anayemsindikiza mjane kwenye baraza la ardhi, mwalimu anayetoa taarifa kwamba mwanafunzi wake ameshatolewa mahari, msaidizi wa kisheria anayesimama upande wa bibi aliyeitwa mchawi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Tamko la Umoja wa Mataifa la tarehe 9 Desemba 1998 linawahesabu watu hawa kuwa watetezi wa haki za binadamu, yaani wale ambao, peke yao au pamoja na wenzao, huendeleza na kulinda haki hizo kwa njia za amani, na halimdai yeyote kati yao shahada wala cheti cha usajili wa asasi. Barua hii inamhusu mtetezi wa namna hiyo siku anapotishiwa maisha, na njia ya kumfikisha mahali salama nje ya nchi.

Ni haki kukiri kwanza kwamba wengi wanaotishiwa hawahitaji kuvuka mpaka. Tishio likitoka kwa shemeji anayelitaka shamba la marehemu, au kwa baba aliyekwisha kuwapokea ng'ombe wa mahari, mara nyingi hutosha mwanamke kuhamia kwa ndugu Mwanza au Shinyanga hadi shauri litakapokwisha. Hali hubadilika pale mtishaji anapokuwa na mkono mrefu: ana fedha, ana watu ndani ya vyombo vya dola, au ndiye aliyepaswa kulipokea lalamiko. Hapo hakuna mkoa wa kujificha, na kinachobaki ni kile ambacho asasi za utetezi hukiita uhamisho wa muda, yaani kumtoa mtu kwenye hatari kwa miezi kadhaa, ndani ya nchi au nje, kwa nia ya kumrudisha hatari ikishapungua.

Sheria ya kimataifa haimfikii mtu huyo akiwa bado nyumbani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake, na kanuni yake kuu ya kutorudishwa, inayokataza kumpeleka mtu mahali ambako maisha au uhuru wake utakuwa hatarini, huanza kumlinda akishafika mpakani. Hatua za kutoka kijijini hadi kwenye mpaka huo anazipiga bila ulinzi huo, akitegemea hati ya safari aliyo nayo au asiyo nayo. Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila raia haki ya kutoka nchini na kuingia. Haki hiyo, kwa mwanamke wa Shishiyu, imo mikononi mwa Wizara moja ambayo chini yake lipo Jeshi la Polisi linalopokea taarifa ya tishio, ipo Idara ya Uhamiaji inayotoa pasipoti, na ipo idara inayowahudumia wakimbizi wanaoingia. Ndiyo sababu barua hii imeelekezwa kwa Mheshimiwa Waziri na si kwa mwingine.

Pasipoti haipatikani bila kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa. Fomu ya kitambulisho hupita kwa mtendaji wa kijiji, ambaye huenda ni mtu wa ukoo uleule unaotisha, na ambaye hata akiwa mwema hawezi kuzuia habari isienee sokoni kwamba fulani anataka kusafiri. Mwombaji akiwa na watoto, kama wanawake wengi walivyo, maombi ya mtoto huhitaji ridhaa ya wazazi, na mume anayepinga kazi ya mkewe anaweza kuizuia safari nzima kwa kukataa kutia saini karatasi moja. Watu wenye nia njema hulisahau jambo hili wanapompangia mtetezi chumba kimoja katika mji wa ugenini: mama hataondoka akiwaacha watoto kwa wale wanaomtisha, na akiondoka atarudi kabla ya wakati. Ofisi za balozi, zinakotolewa viza, ziko Dar es Salaam, takribani kilomita elfu moja kutoka Maswa.

Nchi hii imewahi kuijua kazi ya kumpokea aliye hatarini vizuri kuliko nchi nyingi. Mwaka 1964 binti wa Msumbiji, Josina Muthemba, aliyekuja kujulikana kama Josina Machel, alitoroka na wenzake ili kujiunga na chama cha ukombozi cha FRELIMO. Walikamatwa Victoria Falls na watawala wa Rhodesia, wakarudishwa kwa Wareno, naye akafungwa. Mwaka 1965 alijaribu tena, na safari hiyo akafika Dar es Salaam, ambako alipata mahali pa kuishi na kufanya kazi, akawa miongoni mwa viongozi wa harakati za wanawake wa FRELIMO, akashughulikia watoto walioachwa yatima na vita, hadi alipofariki katika jiji hilo tarehe 7 Aprili 1971, siku ambayo Msumbiji huiadhimisha kuwa Siku ya Mwanamke. Maisha yake yanaonyesha mambo mawili kwa pamoja, yaani mwanamke aliyerudishwa mpakani na mwanamke yuleyule aliyepokewa, na upokezi ule ulikuwa uamuzi wa Serikali ya Tanzania.

Majirani nao wameonyesha kwamba uamuzi wa namna hiyo bado unawezekana. Agosti 2021, Kabul ilipoangukia mikononi mwa Taliban, Shabana Basij-Rasikh, mwanzilishi wa shule ya bweni ya wasichana iitwayo SOLA, alizichoma kumbukumbu za wanafunzi wake ili zisiwafichue wao na familia zao, kisha jumuiya ya shule hiyo, takribani watu 250, ikapokewa Rwanda na kuendelea na masomo. Mwezi huohuo Uganda ilianza kuwapokea Waafghani. Kampala pia ndiko yaliko makao ya DefendDefenders, asasi iliyoanzishwa mwaka 2005 kuwasaidia watetezi wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, ikiwemo kuwahamisha wanapokuwa hatarini.

Hata hivyo, ujirani peke yake hautoshi kuwa usalama. Januari 2025 mwanaharakati Mtanzania Maria Sarungi Tsehai, aliyekuwa akiishi Kenya, alitekwa na watu wenye silaha jijini Nairobi na kuachiwa saa chache baadaye. Mei mwaka huohuo Agather Atuhaire, mwanasheria na mwandishi wa habari wa Uganda aliyekuja kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, alikamatwa Dar es Salaam pamoja na mwanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya, akaachwa usiku mpakani Mutukula baada ya siku kadhaa, na akaeleza hadharani kwamba aliteswa na kudhalilishwa kingono. Nchi iliyompokea Josina inawiwa uchunguzi huru na wa wazi juu ya maelezo hayo, kwa sababu mwanamke aliye hatarini Kampala au Bujumbura hawezi kuihesabu Tanzania kuwa kimbilio wakati swali hilo limebaki bila jibu.

Yapo mapingamizi, na lililo zito zaidi ni kwamba mlango ukifunguliwa wahalifu nao watapita. Sheria imekwisha kulijibu hilo: mshtakiwa anaweza kuamriwa na mahakama kuisalimisha pasipoti yake, amri yenye sababu na inayoweza kukatiwa rufaa. Kinachoogopwa na watetezi ni zuio la mdomo lisilo na maandishi wala kikomo, na swali la ghafla kuhusu uraia wa mtu aliyezaliwa na kukulia hapa.

Mheshimiwa Waziri anaombwa kuielekeza Idara ya Uhamiaji kwamba hati ya dharura ya safari, inayotumika kwenda nchi jirani, itolewe kwa siri katika ofisi ya mkoa Bariadi kwa mwanamke na watoto wake pale tishio linapothibitishwa na ofisa wa ustawi wa jamii, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora au Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania, bila kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Kwamba pingamizi la mume lisikilizwe na mahakama na lisimalizwe dirishani. Kwamba kila zuio la pasipoti litolewe kwa maandishi. Na kwamba anayeondoka kwa njia hii asiulizwe uraia wake siku atakaporudi kulima shamba lake la pamba.